Nani anaitwa kwanza? Majibu kwa wahudumu wa ndege waliosimamishwa, na kwa wanaotaka kuanza

Nimesimamishwa kwa muda bila malipo na shirika kubwa la ndege hapa Marekani. Wenzangu wameanza kuitwa, na papo hapo shirika limetangaza nafasi mpya. Je, nimerukwa? (Msomaji, Minneapolis)

Kwanza tafuta namba yako, dada. Katika mashirika yenye chama cha wafanyakazi, kila mhudumu ana nafasi yake kwenye orodha ya ukongwe kazini, inayofuata tarehe aliyoajiriwa. Kazi zikipungua, aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Kazi zikirudi, orodha husomwa upande wa pili: kati ya walio nje, mkongwe wao ndiye anayeitwa kwanza. Meneja hana ruhusa ya kumchagua ampendaye, na kama namba yako ni 412 katika walio nje na walioitwa ni 300, basi hujarukwa.

Tangazo la nafasi nalo silo ajira. Mikataba ya vyama kwa kawaida hutaka walio nje waitwe wote kabla mgeni hajaingia. Lakini tangu mtu aombe kazi hadi apande ndege, miezi hupita: usaili, uchunguzi wa historia yake, kipimo cha dawa za kulevya, kisha darasa la wiki tano hadi saba. Uongozi ukiona orodha ya walio nje inakaribia kwisha, huanza kukusanya maombi mapema. Tena si wote wanaoitwa hurudi. Wengine wamekwisha kuwa wauguzi, wengine wamehama. Kwa hiyo angalia tarehe ya darasa la kwanza la wapya. Likianza nawe hujapata barua, hapo nenda kwa mwakilishi wa chama na orodha na mkataba mkononi, umwombe afungue malalamiko rasmi.

Jambo linalowapotezea watu kazi, nasi linatuuma kila tunapolisikia, ni anwani. Barua ya kuitwa hupelekwa kwenye anwani ya mwisho iliyo kwenye faili lako. Siku za kujibu zinahesabika, na mikataba mingi humchukulia asiyejibu kuwa ameacha kazi. Umehama kutoka kwa shangazi kwenda kwa rafiki? Waandikie kitengo cha rasilimali watu na chama pia, kwa maandishi, na utunze uthibitisho. Kumwambia msimamizi wako wa zamani kwa simu hakutoshi.

Soma pia kifungu cha muda wa haki ya kuitwa, kwa sababu haki hiyo hufa. American Airlines ilipoinunua shirika la ndege la TWA mwaka 2001, wahudumu wa TWA waliwekwa chini kabisa ya orodha. Kufikia Julai 2003 karibu wote, takriban 4,000, walikuwa nje. Haki yao ya kuitwa ilikuwa na kikomo cha miaka mitano, na wapo ambao miaka hiyo iliisha barua haijafika. Watu wenye miaka ishirini na zaidi angani walipotea kwenye orodha.

Na kama hutaki kurudi sasa, uliza kama mkataba wako unaruhusu kupisha. Baadhi ya mikataba humruhusu mkongwe awapishe wadogo, arudi baadaye bila kupoteza namba. Usipishe kwa mdomo. Kumbuka pia kwamba kukataa kazi uliyoitwa kunaweza kukukatia mafao ya ukosefu wa ajira katika jimbo lako.

Nimekaa nje mwaka mzima. Nikirudi nitaanza mafunzo upya? (Msomaji, Dallas)

Si yote. Cheti cha ustadi ambacho mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hukitoa kwa mhudumu hakiishi kwa sababu umekaa nyumbani. Kinachoisha ni uhalali wa kufanya kazi ndani ya ndege, maana mafunzo ya marudio yanatakiwa kila baada ya miezi 12. Ukivuka hapo unapelekwa darasa la kurejea, ambalo urefu wake hutegemea umekaa nje muda gani. Ndiyo maana mwishoni mwa 2020, sheria ya msaada wa wakati wa korona iliposainiwa Desemba na mashirika yakatakiwa kuwarudisha wafanyakazi na kuwalipa kuanzia tarehe 1 Desemba, wengi walilipwa wakiwa nyumbani. Fedha zilikuwepo, viti vya darasani, wakufunzi na milango ya mazoezi havikutosha.

Katika mtihani wa mlango ndipo watu hufeli. Kwenye Boeing 737 unainama, unashika fimbo ya chuma ya slaidi (mtelezo wa dharura unaojaa hewa mlango ukifunguliwa) na kuibana kwenye vishikizo vya sakafuni kwa mikono yako, kisha unavuta mkanda mwekundu ukatize dirisha dogo la mlango. Kwenye Airbus A320 unachomoa pini ya usalama na kushusha wenzo, basi. Aliyezoea moja akikaa mwaka mmoja akarudishwa kwenye nyingine, mikono hufuata mazoea ya zamani. Kosa la pili ni kufungua bila kuchungulia dirishani kama nje kuna moto. La tatu ni kusahau kuvuta kishikio chekundu cha kujaza slaidi kwa mkono; kivute hata kama unaona slaidi inajaa yenyewe.

Fanya mazoezi nyumbani, umesimama, kwa sauti kubwa, kwa maneno yaleyale ya kitabu cha shirika lako. Kusoma kimya hakutakusaidia siku ya mtihani. Na uwe tayari kwa kipimo cha dawa za kulevya kabla ya kurejea: bangi halali katika jimbo lako bado inakufelisha, kwa kuwa kipimo ni cha sheria ya shirikisho.

Nina kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu na nazungumza Kifaransa na Kiswahili. Nafasi zipo kweli? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Piga hesabu na ndege. Sheria ya Marekani inataka wahudumu wawili kwa viti 51 hadi 100, kisha mmoja kwa kila viti 50 vinavyozidi au sehemu yake. Ndege ya viti 172 inataka wanne. Ikiruka saa 12 kwa siku ni saa 360 kwa mwezi. Mhudumu mmoja akiruka saa 80, zinahitajika timu nne na nusu, yaani watu 18, kabla ya likizo, wagonjwa na wa zamu ya akiba, yaani wanaokaa tayari kuitwa wakati wowote. Kila ndege inayotolewa maegeshoni huita watu wengi kuliko abiria anavyodhani.

Kifaransa kitaje mwanzo kabisa wa ombi lako. Lugha inayoongeza alama ni ile ya nchi ambako shirika lenyewe linatua. Kisha andaa historia yako ya miaka kumi: kazi, shule, na miezi uliyokaa bila kazi, pamoja na mtu wa kuithibitisha. Waliopita kambi za wakimbizi au waliobadilisha nchi hukwama hapa, tarehe za fomu moja zisipolingana na za nyingine. Weka zote kwenye karatasi moja kwanza. Ukiajiriwa, tarajia miezi ya majaribio na zamu ya akiba, simu ikilia saa tisa usiku.

Hapa Nairobi tukipunguzwa, tuna haki ya kuitwa? (Msomaji, Embakasi)

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inakupa notisi isiyopungua mwezi mmoja, malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza, na uteuzi unaozingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Hapo ukongwe ni kigezo kimoja tu kati ya vinne. Kuitwa tena hakumo. Haki hiyo hupatikana kama chama chenu kimeiandika katika mkataba wa pamoja. Kenya Airways ilipopunguza watu 599 mwaka 2012, mahakama ya kazi iliamuru wengi wao warudishwe, lakini Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2014. Mazungumzo ya mkataba yajayo yakifika, mwombeni katibu aweke vitu vitatu: mpangilio wa kuitwa, muda wa haki hiyo, na marufuku ya kuajiri wapya kabla orodha haijaisha.