Vyuo vinavyokataa wengi: nawajibu mnaoomba nafasi Marekani

Msimu wa maombi umeanza na barua zimekuwa nyingi. Karibu zote zina swali moja ndani yake: nitachaguliwa? Hilo siwezi kulijibu, na mtu akikuambia anaweza, tena kwa malipo, mkimbie. Ninayoweza kuyajibu ni haya.

Shikamoo. Nipo darasa la 11, nina A karibu kila somo. Kila usiku nashika simu kusoma waliochaguliwa Harvard walikuwa na nini, nalala saa nane. Nina nafasi?

Marahaba, mwanangu. Nafasi unayo, ila ni ndogo, na ni ndogo kwa karibu kila mtu. Katika udahili wa 2024, Harvard ilipokea maombi 54,008 ikachagua watu 1,937. Hawafiki wanne katika kila mia. Wengi wa waliokataliwa wangeyamudu masomo ya pale bila shida. Lakini chuo kinatafuta pia mpiga filimbi wa bendi, wachezaji wa timu zake, mtu wa kusoma lugha ambayo wanafunzi wamepungua. Na kesi ya Harvard iliyoishia Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilianika jinsi watoto wa waliosoma hapo, wa wafadhili na wa wafanyakazi wanavyoongezewa uzito. Mambo hayo huyaoni ukiwa nje, wala huna la kuyafanya.

Sasa tazama unachokisoma usiku. Aliyechaguliwa anatangaza alama zake na tuzo zake. Aliyekuwa na alama hizo hizo na tuzo hizo hizo akakataliwa, amenyamaza. Kwa hiyo unasoma nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayokutisha. Ukitaka kitu cha kweli, tafuta jina la chuo pamoja na maneno Common Data Set. Ni taarifa ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka, na kipengele chake cha C7 kinaonyesha chuo kinazipa uzito gani alama, ugumu wa masomo uliyochagua, insha, barua za walimu na mengineyo. Isome mchana, mara moja kwa kila chuo. Usiku lala.

SAT yangu ni 1390. Nasikia siku hizi si lazima. Niipeleke?

SAT ni mtihani wa kuombea nafasi chuoni, na kuupeleka kunategemea chuo. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, vyuo vingi viliacha kuidai. MIT iliirudisha 2022. Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kuirudisha mwaka 2024. Chuo Kikuu cha California chenyewe hakiitazami kabisa. Pale palipo na hiari, angalia alama za wale nusu ya katikati ya waliochaguliwa, yaani ukiondoa robo ya juu na robo ya chini. Ukiwa ndani yake au juu yake, ipeleke. Ukiwa chini kidogo, tazama shule unayotoka: kama wenzako wengi hawafiki hapo, 1390 yako inasema jambo kubwa. Dartmouth walipoirudisha SAT walieleza kwamba baadhi ya wanafunzi wa familia zisizojiweza walikuwa wanaficha alama ambazo zingewasaidia.

Sina klabu wala michezo. Nikitoka shule nawalea wadogo zangu, mama anafanya kazi usiku. Sehemu ya shughuli niiache wazi?

Usiiache, tafadhali. Barua yako ndiyo iliyonifanya niketi kuandika safu hii.

Fomu ya Common App, ile moja inayotumika kuomba vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli, na katika aina za shughuli unazochagua, majukumu ya familia yamo kwa jina lake. Kazi ya kulipwa nayo imo. Walioiweka hapo walijua kwamba kuna watoto kama wewe.

Mwaka jana niliketi na binti mwenye hali kama yako. Alikuwa ameandika "Kumsaidia mama", saa mbili kwa wiki. Nikamwomba anieleze siku yake tangu kengele ya mwisho inapolia. Saa tisa na nusu anampokea mdogo wa mwisho. Anampa dawa ya pumu, anapika, anakaa na wawili wakubwa kwenye hesabu zao, anamsomea mama kwa simu barua za kliniki kabla hajaingia zamu. Saa tatu usiku wote wamelala, ndipo anafungua daftari lake. Siku nne kwa wiki. Tulipojumlisha zikawa saa 22, na akaniuliza kama kuandika hivyo si kujisifu.

Maelezo ya shughuli hayazidi herufi 150, nafasi zikihesabiwa. Yake yalikuwa karibu hivi: "Napokea wadogo 3 shule siku 4 kwa wiki, napika, nasimamia masomo yao, nampa mmoja dawa ya pumu, namtafsiria mama barua za kliniki." Hakuna neno la kujihurumia humo, na msomaji anaiona kazi yenyewe. Fanya hivyo hivyo, kisha mweleze mshauri wa shule hali yako ili naye aitaje kwenye barua yake. Huenda hajui lolote.

Mimi ni mzazi. Binti yangu anataka chuo ambacho ada yake inapita dola 60,000 kwa mwaka. Nimemwambia asahau. Nimekosea?

Hujakosea kuogopa, mama, ila usimfungie mlango kabla hujaona hesabu yenu. Bei iliyoandikwa si lazima iwe ndiyo mtakayolipa. Kuanzia mwaka wa masomo 2025, Harvard haichukui chochote kwa familia zenye kipato kisichozidi dola 100,000 na mali ya kawaida, na mpaka dola 200,000 masomo ni bure. Chuo cha umma cha jimbo jingine, ambacho bei yake ya kwenye karatasi ni ndogo zaidi, kinaweza kuwagharimu zaidi. Tangu 2011 sheria ya Marekani inavitaka vyuo viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Keti na binti yako, mkiwa na karatasi za kodi, mjaze pamoja. Nambari itakayotoka ndiyo ya kubishania.

Kama binti si raia wala hana ukaazi wa kudumu, mambo hubadilika. Vyuo vingi vitaangalia uwezo wenu wa kulipa kabla ya kumchagua. Vichache haviangalii hata kwa mgeni, kati yake Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Na kama hata ada ya kutuma maombi ni mzigo, ombeni msamaha wa ada hiyo; vyuo vingi hutoa.

Wenzangu wote wanaomba kwa Early Decision. Nami niombe?

Early Decision ni kuomba mapema chuo kimoja kwa ahadi ya kwenda ukichaguliwa, kwa hiyo unakufunga. Unaomba kwa kawaida kufikia tarehe 1 Novemba, jibu linakuja katikati ya Desemba, na ukichaguliwa unafuta maombi mengine yote. Mlango wa kutokea ni mmoja tu: msaada wa fedha usipotosha. Kwa hiyo omba hivyo ikiwa chuo hicho unakipenda kuliko vyote na wazazi wameshaikubali nambari ya kikokotoo. Early Action, yaani kuomba mapema bila ahadi hiyo, haikufungi. Kama chuo hakikuzuii kuomba kwingine, itumie.

Mwalimu anasema insha iwe na jambo zito. Mimi sijafiwa wala sijaugua.

Mshukuru Mungu, na usitafute kidonda. Inaniuma kuona watoto wanapekua maisha yao wakitafuta msiba wa kuuandika. Una maneno 650. Insha ninayoikumbuka kuliko zote ni ya kijana aliyeeleza anavyopanga misumari ya mjomba wake kwenye mikebe: kwanza kwa urefu, akaona haifai, akapanga kwa kazi inayofanywa nayo, akagombana na mjomba. Nilipomaliza nilijua kijana huyu anafikiri vipi. Andika mwenyewe, kwa sauti yako.

Nikikataliwa kote?

Hilo linazuilika, na linazuiliwa sasa, wakati wa kupanga orodha. Wanauchumi Dale na Krueger, mwaka 2002, waliwafuatilia waliochaguliwa na vyuo vya ushindani mkali wakaamua kwenda kwingine. Kwa wastani kipato chao cha baadaye hakikutofautiana na cha waliokwenda, ila waliotoka familia maskini walifaidika zaidi na vyuo hivyo. Ndiyo maana sikwambii uache kuomba huko. Omba, halafu weka pia vyuo viwili ambavyo alama zako zinapita za wengi wanaochaguliwa na gharama yake mmeiona. Kimoja kitembelee, ukiweza, keti nyuma ya darasa saa nzima. Ukitoka hapo bila kitu hata kimoja ulichokipenda, kiondoe uweke kingine.