Kabla hamjauza kihamba kwa ajili ya mswada wa Marekani

Shikamooni wazee wetu wa Kibosho. Mmeuliza: kijana wenu ameamriwa kuondoka Marekani, mtu kawaambia mbunge wa huko anaweza kumpelekea mswada akabaki, je, mkate kipande cha kihamba, shamba la ukoo, mlipie? Subirini kwanza.

Mswada huo upo kweli. Wao huuita mswada binafsi, ila si sawa na mswada binafsi wa mbunge katika Bunge letu la Dodoma. Huu unataja jina la mtu, na ukipita unampa yeye ukaazi. Mbunge au seneta hatozi hata senti. Anayewadai hela ya mheshimiwa ni tapeli. Wa kulipwa ni wakili tu. Shida ni kupita. Katika Bunge la Marekani la 2011 na 2012 ulipita mmoja tu, wa Mnigeria Sopuruchi Chukwueke, aliyebebwa na seneta Carl Levin wa Michigan hadi Obama akasaini Desemba 2012. Bunge likimaliza miaka yake miwili, mswada ambao haujapita umekufa.

Zamani watu waliutafuta ili kununua muda, maana ukishawasilishwa, mara nyingi kuondolewa kulisimamishwa. Mwaka 2017 ICE, idara ya Marekani inayoondoa wahamiaji, walibana: mwenyekiti wa kamati ya sheria au wa kamati ndogo ya uhamiaji aombe kwa maandishi, ndipo wasimamishe miezi 6, na nyongeza moja ya siku 90. Tena kamati haigusi faili kama rufaa hazijaisha.

Kwa hiyo ulizeni habari za mahakamani. Amri ilitolewa lini, naye alikuwepo? Kama hakuhudhuria kwa sababu nzito, mfano alikuwa mahututi, ana siku 180 kuomba kesi ifunguliwe upya. Kama hakupata wito kabisa, hakuna ukomo. Ombi la aina hiyo husimamisha kuondolewa hadi lijibiwe. Kama alikuwepo, ni siku 90 tangu amri ya mwisho, na kwa kawaida halisimamishi chochote.

Kuna pia ile njia ya miaka 10, ya kumwomba hakimu wa uhamiaji afute kuondolewa, ambayo wengi huielewa vibaya. Kukaa miaka 10 peke yake hakutoshi. Lazima athibitishe kwamba mke, mtoto au mzazi wake mwenye uraia au grini kadi ataumia kupita kiasi cha kawaida. Presha ya mama aliyeko Kibosho haihesabiki, hata iwe na cheti cha KCMC. Inauma, lakini ndiyo sheria. Ila kama ana mtoto Mmarekani mgonjwa, barua ya daktari wa Moshi inayoeleza matibabu gani hayapatikani huku ina uzito. Hapo ndipo msaada wenu ulipo: barua hiyo, cheti cha kuzaliwa cha RITA, na tafsiri ya Kiingereza ambayo mfasiri amesaini kwamba anazijua lugha zote mbili. Karatasi ya Kiswahili tupu hairuhusiwi.

Mkifika kwenye mswada, kijana aanzie kwa mbunge wa jimbo anakoishi, na asaini mwenyewe fomu ya kuruhusu taarifa zake zitolewe. Bila saini hiyo, ofisi ya mbunge haitawajibu hata mkipiga simu kila siku.