Kijana hashiki anachosoma, nimpe dawa gani ya akili?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa hapa Malindi, Muyeye. Kijana wangu yuko kidato cha nne, anakesha na vitabu mpaka saa saba usiku na saa kumi kashaamka tena, lakini moki imekuja mbaya na mwenyewe aniambia akisoma hashiki. Jirani kaniuzia vidonge vya mafuta ya samaki na sirapu ya kuongeza akili na hamu ya kula. Nimpe kiasi gani kwa siku, na je vyaweza kuchanganyika na enaji anazokunywa usiku?

JIBU: Waaleikum salaam mama. Sirapu usimpe. Mafuta ya samaki kama ushanunua basi, akifuata kipimo cha kwenye chupa hayatamdhuru, ila usikae ukingoja yapandishe gredi, manake kwa mtoto mzima anayekula vizuri hakuna ushahidi wa maana kwamba yanafanya hivo, na mtu kukaa Malindi akanunua samaki wa kwenye kidonge mimi huwa sielewi kabisa.

Hiyo sirapu ndiyo yanitia wasiwasi. Hizi za hamu ya kula nyingi ndani mna saiproheptadini, ambayo asili yake ni dawa ya mzio, kula atakula kweli, na kusinzia atasinzia. Sasa ona hesabu inavyokwenda, dawa moja yamlaza, akisinzia juu ya kitabu afungua enaji imuamshe, enaji yamnyima usingizi, asubuhi darasani hajui aliko, wewe waona sirapu haijafanya kazi waongeza kijiko. Huyo mtoto hana shida ya akili, yuwalala masaa matatu!

Mimi nakaa kaunta ya kemisti, na kila mwaka KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ikikaribia ni swali hili hili tu, "daktari nipe dawa ya kumbukumbu". Haiko. Ingekuwako sisi mafamasia ndio tungekuwa wa kwanza kuimeza kule chuo kikuu. Anayekuuzia kwenye grupu la WhatsApp na ule ushuhuda wake wa mtoto aliyetoka D akapata A, muulize jambo moja tu, ndani mna nini na ni miligramu ngapi, uone atakavyoanza kukuzungusha.

Lakini hata wauzaji siwalaumu sana kama ninavyoilaumu ile fikra yenyewe, kwamba usingizi ni uvivu na anayekesha ndiye anayesoma. Hii yanikera mno. Mzazi apita usiku aona taa ya chumba yawaka, moyo wamtulia, mtoto ana bidii. Na kumbe yale aliyosoma jioni ubongo unayapanga na kuyakazia akiwa amelala, sio akiwa amekodoa macho, kwa hivo akikatiza usingizi yuwakatiza kazi yenyewe. Mtoto wa miaka 13 mpaka 18 ahitaji masaa 8 hadi 10 kwa siku. Najua hayo 10 hayapatikani kidato cha nne, sawa, lakini akilala saa tatu na nusu akaamka na swala ya alfajiri kashapata kama saba na nusu, na jumamosi na jumapili akilala kailula nusu saa baada ya adhuhuri ndio bora zaidi. Joto la Novemba hapa kwetu twalijua, mfungulie dirisha, alale chini ya chandarua, na simu ikae chumbani kwako, sio kwake.

Enaji nazo, kafeini haitoki mwilini mara moja, yachukua kama masaa matano kupungua nusu. Akinywa saa mbili usiku, saa saba bado nusu yake imo ndani. Kuna utafiti wa mwaka 2013 uliowapa watu miligramu 400 masaa sita kabla ya kulala, na bado wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kopo moja dogo halifiki hapo, ila muulize anakunywa mangapi, na kahawa juu yake.

Halafu huko kusoma kwenyewe. Ukimkuta, nina hakika yuwapitia noti zile zile na kalamu ya rangi, mara ya nne mara ya tano. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke kule Marekani walijaribu hili kwa wanafunzi, kundi moja likasoma habari mara nne, lingine likasoma mara moja kisha likajikumbusha mara tatu bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71, na hapo ndipo mtu adanganyika akaona ameshika. Baada ya wiki wamebaki na 40, wenzao 61. Na haya mama wayajua toka chuo cha Kurani, maalim haridhiki na wewe kusoma ukiangalia, akwambia funga msahafu nisomee, ukikosea akurekebisha, kesho warudia. Biolojia ni vivyo hivyo, afunge kitabu aandike kazi ya figo kwenye karatasi tupu, afungue aone alichosahau, kesho kutwa tena.

Ikiwa atalala wiki mbili tatu sawasawa na bado hashiki, apimwe macho na apimwe damu. Wasichana hasa, upungufu wa damu wawachosha wakaitwa wavivu, na kwa hao kuna dawa ya kweli, ila baada ya kipimo.

Na wazazi wengine mnaosoma hapa, msidhani haya ni ya Muyeye tu. Nina vijana waja kaunta mioyo yaenda mbio, mikono yatetemeka, ukiuliza ni muguka, yale majani ya kutafuna, "twasomea, daktari". Muguka na miraa mna kathinoni, jamii moja na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, hukuweka macho na kukukatia njaa, na akili ya darasani haileti. Mwaka 2024 kaunti yetu ya Kilifi ilijaribu kuipiga marufuku pamoja na Mombasa na Taita Taveta, mambo yakaishia kortini, kwa hivo usingoje serikali ikusaidie, chungulia mfuko wa shati. Kuna na hivi vidonge vya kukesha wanavyouziana mmoja mmoja bila pakiti, hivo mimi mwenyewe siwezi kukwambia ni nini. Mtoto akimeza kisha akalalamika kifua au moyo kupiga vibaya, usimpe maziwa wala usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huo huo na kidonge kilichobaki ukichukue mkononi.