Klarineti kwanza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: ni sekondari gani ya serikali, ya mjini, ambayo wahitimu wake wamekugusa, na kwa nini? Najua wengi watajibu Tabora, Azania au Tambaza, na sina ugomvi nao. Jibu langu mimi liko mbali kidogo: DuSable, ya Chicago, Marekani. Sijawahi kufika huko. Ila ninafundisha watoto matarumbeta hapa Morogoro, na haipiti wiki sijaifikiria shule hiyo.

Ilikuwa barabara ya Wabash, upande wa kusini wa jiji, katika eneo la Bronzeville. Huko ndiko walikobanwa watu weusi waliohama kutoka majimbo ya kusini, kwani mitaa mingine haikuwapangisha nyumba. Ilifunguliwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikapewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi anayehesabiwa kuwa mgeni wa kwanza kuweka makazi ya kudumu pale palipokuja kuwa Chicago. Wanafunzi walijaa mpaka kubanana.

Mmoja wao alikuwa John H. Johnson. Kwao, Arkansas City, hakukuwa na sekondari ya watoto weusi. Alipomaliza darasa la nane, mama yake alimrudisha alirudie darasa lile lile ili asizurure, huku yeye akipika na kufua nguo za watu apate kudunduliza nauli ya Chicago. Kijana akamaliza DuSable mwaka 1936. Mwaka 1942 alipotaka kuanzisha jarida akaambiwa alete dhamana, na mama akakubali samani zake ziwekwe rehani kwa mkopo wa dola 500. Miaka mitatu baadaye likafuata jarida lake la Ebony, la Wamarekani weusi. Kila nikisoma habari hii namwona yule mama akivitazama viti vyake.

Alipita pia Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyechaguliwa mwaka 1983. Huyu aliacha shule kabla ya kumaliza, cheti akakipata akiwa jeshini. Kwa hiyo msije mkamkata kwenye orodha yenu kwa sababu ya neno "wahitimu". Don Cornelius, mwanzilishi wa kipindi cha televisheni cha Soul Train, naye ni wa pale.

Lakini kilichonifunga mimi ni chumba cha muziki, na mwalimu wake, Kapteni Walter Dyett. Ukapteni aliupata kwenye bendi ya kikosi cha jeshi la akiba. Alianza kufundisha mwaka 1931 katika shule ya Wendell Phillips, akahamia DuSable ilipofunguliwa, akabaki hapo hadi alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mikononi mwake walipita wapigaji na waimbaji wa jazz: Nat King Cole, Dinah Washington, Gene Ammons, Von Freeman, Dorothy Donegan, Eddie Harris, Richard Davis, Johnny Griffin. Shule moja ya serikali, mwalimu mmoja! Anayepiga ala yoyote ya kupuliza akiyasoma majina hayo lazima aketi chini kwanza.

Griffin ndiye ninayewasimulia wanafunzi wangu. Alikuwa mtoto mdogo wa umbo, amemsikia Gene Ammons kwenye saksafoni ya teno, ile ya sauti nzito, akaingia DuSable akitaka teno na si kingine. Dyett akampa klarineti, ala nyembamba ya kupuliza yenye matundu ya vidole. Baadaye ikafuata saksafoni ya alto, iliyo ndogo kuliko teno. Teno hakupewa. Mwaka 1945, siku chache tu baada ya kumaliza shule, akachukuliwa na bendi kubwa ya Lionel Hampton. Akafika na alto yake mkononi, akaambiwa nafasi iliyopo ni ya teno. Ikabidi arudi Chicago kuitafuta. Akaja kuwa mmoja wa wapigaji wa teno wenye vidole vyepesi kuliko wote, na wepesi ule, mimi nasema, ulitoka kwenye klarineti. Klarineti haisamehe: tundu la kidole usipoliziba sawasawa, inapiga kelele mbele za watu.

Na vyombo vilitoka wapi? Hapa ndipo ningependa walimu wenzangu wasome polepole. Kila mwaka Dyett aliandaa onyesho la wanafunzi lililoitwa Hi-Jinks, wazazi na majirani wakakata tiketi, na fedha zikaenda kwenye muziki wa shule. Chombo kilikuwa cha shule, mtoto akakiazima. Sisi jambo hili tulilijua vizuri. NUTA Jazz, Polisi Jazz, Vijana Jazz: saksafoni zilikuwa mali ya chama au ya jeshi, ndiyo maana mtoto wa mkulima aliweza kuishika. Leo saksafoni ni ya mwenye fedha.

Shule moja niliyowahi kufundisha ilikuwa na tarumbeta nne ndani ya kabati, na ufunguo haukujulikana uko kwa nani. Tulipolivunja kufuli, vali zilikuwa zimeganda kwa kutu. Sasa hivi nina klarineti moja, watoto sita. Tunapangusa mdomo wake kwa kitambaa chenye spiriti, anapokea mwingine. Mwezi uliopita binti mmoja wa kidato cha pili aliniambia, "Mwalimu, shikamoo, mimi nataka saksafoni kama ya kanisani." Nikamwitikia marahaba, nikamwekea klarineti mapajani, nikamwonyesha pa kuweka kidole gumba.

Dyett alifariki mwaka 1969. Baadaye shule nyingine ya upande ule ule wa kusini ikapewa jina lake. Wakuu wa elimu wa jiji walipoamua kuifunga, mwaka 2015 wazazi na wakazi wa mtaa waligoma kula, na mgomo huo ukaendelea kwa siku 34. Mwaka uliofuata milango ilifunguliwa tena, ikiwa shule ya sanaa.

Msomaji wenu,
Morogoro