BMW X3 ya mwaka 2013: mlio wa cheni, oili inayovuja na gharama iliyojificha kwenye saa za kazi

Swali: Nimenunua BMW X3 xDrive (inayosukumwa na magurudumu yote manne) ya mwaka 2013 yenye injini ya petroli ya lita 2 na turbo, ambayo imeshatembea kilomita 130,000. Ninapoiwasha asubuhi husikika mlio mwembamba mbele ya injini, nao hupanda kadiri ninavyokanyaga mafuta. Nikikata kona kwa mwendo mdogo gari hushtuka-shtuka, na pale linapoegeshwa huacha tone la oili. Mafundi wawili wamenipa makadirio ya kazi ya cheni yanayopishana zaidi ya mara tatu. Nianze na lipi, na kwa nini bei zinatofautiana kiasi hicho?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na mlio, na kabla chanzo chake hakijajulikana usilipeleke gari hilo safari ndefu. Kushtuka kwenye kona na tone la oili ni matatizo yanayoweza kusubiri wiki kadhaa, ila mlio huo huenda usikusubiri.

Injini yako ni ile inayojulikana kwa jina la N20. Katika zile zilizoundwa hadi mwanzoni mwa mwaka 2015, miongozo ya cheni ya taimingi (cheni inayolinganisha mwendo wa pistoni na valvu), yaani vipande vya plastiki ngumu ambavyo cheni huteleza juu yake, hukauka kwa joto na umri, kisha hupasuka na kumeguka. Cheni iliyokosa mwongozo hulegea, na siku ikiruka meno, pistoni hugonga valvu na kichwa cha injini huharibika. Vipande vilivyomeguka navyo hushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuziba wavu ambao pampu ya oili huvuta kupitia kwake. Huko chini kuna pia cheni ya pili, iliyo fupi, inayozungusha pampu hiyo, na mara nyingi mlio mwembamba wa aina unayoieleza hutoka kwake. Ikikatika, injini hukosa shinikizo la oili na beringi za krenkshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huungua kwa muda mfupi sana. Nchini Marekani wamiliki walifungua kesi ya pamoja kuhusu kasoro hii, ikamalizika kwa maafikiano yaliyorefusha dhamana ya cheni, lakini gari la umri wa lako limeshavuka muda huo.

Hata hivyo, usikubali injini ifunguliwe kwa ushahidi wa sikio peke yake. Puli iliyochoka ya feni belti hutoa sauti inayofanana sana na hiyo, nami nimewahi kuona gari likipangiwa kazi ya cheni ilhali ugonjwa wake ulikuwa puli moja tu. Fundi aivue belti na kuiwasha injini kwa sekunde chache, jambo lisilo na hatari kwa kuwa pampu ya maji ya N20 huendeshwa kwa umeme. Mlio ukitoweka, tatizo ni dogo. Ukibaki, apitishe kamera nyembamba kwenye tundu la kujazia oili auchunguze mwongozo wa juu, kisha alipasue chujio la oili na kutafuta chembe za plastiki.

Sasa nije kwenye bei. Cheni, miongozo na kikazio chake si sehemu kubwa ya bili, kwa sababu unachokilipia hasa ni njia ya kuvifikia. Katika modeli ya xDrive, difu ya mbele imefungwa kwenye sampu na ekseli ya upande mmoja hupita ndani ya sampu hiyo, kwa hiyo ili sampu itoke ni lazima injini ining'inizwe kwa juu na fremu ya mbele inayobeba sasipensheni ishushwe. Hiyo ni kazi ya siku mbili kwa fundi anayeijua vizuri. Fundi mwingine anaweza kubadilisha miongozo kwa kuingilia juu bila kuigusa sampu, na bila shaka bei yake itakuwa ndogo, lakini ataviacha vipande vya plastiki kwenye wavu na cheni ya pampu kuukuu mahali pake. Nashuku kwamba makadirio yako mawili yanatofautiana hapo. Waulize wote wawili swali moja: je, sampu inatoka? Waulize pia kama wana vifaa maalumu vya kufungia taimingi, kwa sababu giya ya krenkshafti haina kabari ya kuishika, na bolti yake ikilegezwa bila vifaa hivyo mpangilio wote hupotea. Bolti hiyo haitumiki mara ya pili, kwa hiyo iwemo kwenye orodha ya spea.

Tone la oili linaweza kutoka kwenye gasketi ya nyumba ya chujio la oili au kwenye tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Gasketi yenyewe ni ya bei ndogo na kazi yake ni ya saa chache. Tahadhari ni moja tu: tapeti kava ya injini hii ni ya plastiki, na valvu ya kupumulia imejengwa ndani yake, hivyo kava hiyo ikiwa imepasuka, gasketi mpya haitasaidia na kava nzima itabidi inunuliwe.

Kuhusu kushtuka kwenye kona, kabla ya kumlaumu fundi yeyote tazama tairi zako. Transfakesi, yaani boksi linalogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huteseka pale tairi mbili zinapokuwa mpya na nyingine mbili zimekwisha, kwa sababu mizunguko yao hailingani na klachi iliyo ndani hulazimika kuteleza muda wote. Sawazisha tairi, badilisha oili ya transfakesi, kisha kompyuta ya gari ifundishwe upya. Kazi hiyo haimalizi saa mbili, na kwa magari mengi inatosha. Ukinunua transfakesi nyingine kabla ya kujaribu hayo, utakuwa umetumia fedha nyingi kwa kubahatisha.

Pampu ya maji niliyoitaja haina tabia ya kutoa onyo. Husimama ghafla na injini huchemka. Ikiwa haijawahi kubadilishwa, ibadilishe pamoja na thermostati wakati huohuo gari likiwa limefunguliwa kwa ajili ya cheni. Giaboksi ni ya ZF yenye gia 8, na ingawa utaambiwa kwamba oili yake ni ya maisha yote, ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Chujio lake limeunganishwa na sampu ya plastiki, ndiyo maana bei yake huwashtua wengi.

Kazi ya cheni ikikamilika, badilisha oili ya injini baada ya kilomita 1,000 ili mabaki yatoke, na kuanzia hapo usivuke kilomita 10,000, hata kama dashibodi inakuruhusu kwenda mbali zaidi.