Nani alikupa jina hilo?

Nilifundisha shule za msingi hapa Dar es Salaam, nyingi zikiwa za Temeke, mpaka nikastaafu, na kila asubuhi ya kazi nilianza kwa kufungua rejista na kuita majina. Hivi karibuni niligusia kidogo habari za mwanafunzi wangu wa zamani aliyeitwa Majuto, na barua kuhusu majina zimemiminika. Nimechagua chache.

Shikamoo Mwalimu. Naitwa Shida, nina miaka 24, nakaa Mbagala Rangi Tatu na nauza vocha na kufanya miamala ya simu. Haipiti siku bila mteja kuniambia, "Shida, nina shida." Hilo nimelizoea. Lakini mwezi uliopita kaka mmoja alitaka kuleta posa, mama yake akasema hawezi kuingiza shida nyumbani kwake kwa mlango wa mbele. Mama yangu nikimuuliza kwa nini aliniita hivi ananyamaza au anageuza mazungumzo. Nibadilishe jina?

Marahaba, mwanangu. Maneno ya huyo mama yameniuma kama ameambiwa binti yangu.

Wazee wetu hawakuchagua jina kwa kupenda sauti yake. Jina lilikuwa habari. Chausiku kazaliwa usiku, Mwamvua kazaliwa mvua ikinyesha, Msafiri kazaliwa njiani, Jumanne na Mwajuma tunajua siku zao. Katika safu hiyohiyo ndimo walimo Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko na Sikujua. Wasukuma wana Makoye, na maana yake ndiyo hiyo, matatizo. Habari hizo ni za nyumba ile, mwaka ule: baba kaachishwa kazi, bibi kafariki wiki moja kabla, uchungu umechukua siku tatu. Sijawahi kukutana na mama aliyemtazama mtoto mchanga akasema huyu atakuwa shida. Alichokuwa akisema ni kwamba nimepita kwenye shida, na huyu ndiye niliyetoka naye.

Kwa hiyo kimya cha mama yako nakielewa. Ukimuuliza "kwa nini uliniita hivi", masikioni mwake hiyo ni kesi, na yeye ndiye mshtakiwa. Muulize siku mko wawili, mnachambua mchicha au unamsuka: "Mama, siku niliyozaliwa ilikuwaje?" Akinyamaza tena, usimsukume. Nenda kwa mama mdogo au shangazi, yeyote aliyekuwepo siku hiyo. Daima kuna aliyekuwepo.

Ama kubadilisha, ruhusa unayo kamili. Kule Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, alizaliwa binti akaitwa Mtumwa. Hebu fikiria kuitwa hivyo ukubwani, sokoni, mbele ya watu. Baadaye alipata jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, na ndiye Siti binti Saad aliyerekodi taarabu Bombay mwaka 1928, ambaye sauti yake iliingia majumbani kote pwani hii. Mwalimu Nyerere naye alipozaliwa Butiama mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, ndipo likabadilishwa kuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Katika Biblia, Raheli akiwa anakata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, na baba yake akakataa, akamwita Benyamini. Na katika hadithi za Mtume, binti aliyeitwa Aswiya, yaani muasi, alipewa jina la Jamila. Atakayekuambia kwamba kubadilisha jina ni kuwadharau wazazi, hana pa kuegemea, si katika dini wala katika mila.

Ninachokuomba ni utangulize kuisikia habari, ndipo uamue. Wapo waliosikia wakabadilisha, na wapo waliosikia wakaling'ang'ania.

Na huyo kaka, mama yake aliposema maneno yale, yeye alijibu nini? Hukuniandikia. Mimi ningeanza kumtazama hapo.

Mwalimu, mimi sina hadithi ndefu. Nimeshaamua kubadilisha jina. Naanzia wapi? Kijana, Ilala.

Unaanzia kwa wakili. Atakuandalia hati ya kubadili jina, ambayo wengi huiita tu deed poll, utaisaini, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, chini ya Wizara ya Ardhi, na mabadiliko kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Ukiwa na hati iliyosajiliwa ndipo unakwenda RITA kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa, NIDA kwa ajili ya kitambulisho, halafu benki, laini ya simu, mwajiri. Vyeti vya shule ulivyokwisha kupewa usitegemee kwamba vitaandikwa upya, kwa hiyo hati hiyo ndiyo daraja kati ya jina la zamani na jipya. Itoe nakala nyingi na halisi uitunze. Nimeona watu wanahangaika miaka kwa herufi moja tu iliyotofautiana kati ya cheti na kitambulisho, sembuse jina zima.

Bibi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mjaluo wa Rorya, nakaa Gongo la Mboto. Mwanangu wa darasa la sita amepewa jina la babu yake, Owiti. Wenzake wamepata kujua kwamba maana yake ni "aliyetupwa", sasa anarudi nyumbani analia na hataki kuandika jina hilo kwenye daftari. Nimwambie nini?

Mwambie leo, usingoje wikendi, na ikiwezekana babu mwenyewe amwambie hata kwa simu.

Owiti, na Awiti kwa msichana, ni jina la mtoto aliyezaliwa baada ya nduguze kufariki. Nyumba imezika mmoja, imezika wa pili, sasa anakuja huyu. Basi anatolewa nje kana kwamba ametupwa, halafu mtu mwingine anamwokota na kumrudisha. Kifo kikipita kione kwamba huyu hana mwenyewe, hatakiwi, kiende zake. Mama anajifanya kutomtaka mtoto anayemtaka kuliko kitu chochote duniani. Fikiria moyo wa mama yule akimwona mwanawe kalazwa chini pale nje, huku anajizuia asikimbilie kumchukua.

Hawako peke yao. Wayoruba wa Nigeria wana jina Malomo, yaani usiende tena, na Kokumo, yaani hatakufa tena. Zilikuwa siku za surua bila chanjo na malaria bila dawa, na wazazi walipigana kwa silaha waliyokuwa nayo, ambayo ni neno.

Kwa hiyo wenzake wana nusu ya habari. Kweli ni "aliyetupwa", lakini alitupwa ili abaki. Na babu yake alibaki, akaoa, akazaa, ndiyo maana kuna mtoto wa darasa la sita Gongo la Mboto. Akishaelewa, mwache aeleze mwenyewe darasani.

Mwalimu, nina mimba ya miezi minane, niko Kimara. Mume wangu anataka mtoto aitwe jina la gari analolipenda. Ndugu zake wanaona ni jambo la kuchekesha. Mimi naona aibu kumpinga mbele yao.

Mpinge, dada, ila chumbani. Mbele ya ndugu zake atatetea ushindi, si jina.

Mpe mifano. Ufaransa, mwaka 2014, wazazi walimwita binti yao Nutella, ile chokoleti ya kupaka kwenye mkate. Mahakama ya Valenciennes ikaona mtoto atadhihakiwa, ikamwandika Ella. Sweden, mwaka 1996, wazazi walitaka mtoto aandikwe kwa mfuatano wa herufi na tarakimu 43, wakakataliwa. Unaoniumiza zaidi ni wa New Zealand, mwaka 2008. Binti wa miaka 9 alikuwa na jina ambalo ni sentensi nzima kuhusu kucheza ngoma ya Hawaii, naye alilionea aibu kiasi kwamba aliwaambia rafiki zake wamwite kwa herufi moja tu. Jaji alimchukua chini ya uangalizi wa mahakama ili jina libadilishwe. Mtoto wa miaka tisa anaficha jina lake kama mtu anayeficha kidonda!

Kisha mwombe mumeo afanye jambo moja. Magharibi ikiingia, asimame mlangoni aliite jina hilo kwa sauti, kama anamwita mtoto arudi ndani. Mara tatu. Majirani wakiwepo. Ndivyo atakavyoliita kwa miaka kumi na zaidi ijayo.

Mna siku 90 za kusajili kizazi kabla hamjahesabiwa kuwa mmechelewa. Msizimalize kwenye ubishi.

Mwalimu, nami ni mwalimu, nina miaka miwili kazini, wilaya ya Temeke. Nina mtoto wa darasa la tatu ambaye jina lake nikiliita darasa zima linacheka. Nimejaribu kuchapa, nimejaribu kunyamaza. Nifanyeje?

Hapa ndipo nimrudie Majuto.

Alikuwa mtoto mwembamba, anakaa dawati la tatu karibu na dirisha. Kila nilipofika kwenye jina lake alijibu kabla sijalimaliza. Nikisema "Ma...", tayari, "Nipo, mwalimu!" Nilidhani ni utundu. Nilimkaripia, na siku moja nilimsimamisha hadi mwisho wa kipindi. Ilinichukua muhula mzima kuelewa kwamba alikuwa akiliziba jina lake kwa sauti yake mwenyewe, wenzake wasipate muda wa kulisikia lote. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amepiga hesabu hiyo, na mimi mtu mzima nilikuwa nimemwadhibu kwa ajili yake. Sijaacha kulijutia jambo hilo.

Nilichofanya baadaye ni hiki. Niliwaambia watoto wote, si yeye peke yake, waende wakaulize nyumbani nani aliwapa majina na kwa nini, waje wasimulie. Tulichukua wiki mbili, watoto wanne au watano kwa siku. Doto alitueleza kwa nini yeye ni Doto na pacha wake ni Kulwa. Mwanaidi alisema mama yake alitoka kupika pilau ya sikukuu akaenda moja kwa moja hospitali. Akaja Majuto. Akasema baba yake aligombana na mama, akaondoka nyumbani, akakaa miezi Mafia akivua samaki, na aliporudi akakuta mtoto kazaliwa na mama karibu afe. Baba ndiye aliyetoa jina. "Majuto ni ya baba," alisema, "mimi nimeyabeba tu." Darasa lilikaa kimya. Wiki iliyofuata niliita jina lake, akasubiri hadi silabi ya mwisho, ndipo akasema, "Nipo."

Kuchapa hakusaidii. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, rais wake wa kwanza aliitwa Canaan Banana, na mzaha ulizidi hadi mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuukataza. Watu hawakuacha kucheka. Kama sheria ya nchi ilishindwa kumlinda rais, fimbo yako haitamlinda mtoto wa darasa la tatu. Darasa likiijua habari iliyo ndani ya jina, linapata kitu kingine cha kusikia linapoitwa.

Na uchunguze vilevile uso wako mwenyewe unapolifikia jina hilo. Watoto wanatutazama sisi kwanza kabla ya kucheka. Liite kwa sauti ileile uliyomwitia aliyetangulia.

Mwalimu, ofisini kwetu, maeneo ya Posta, amekuja mkuu mpya, mgeni, ambaye jina lake la ukoo kwa Kiswahili ni tusi zito. Kwenye kikao hakuna anayethubutu kulitamka. Tumwambie?

Mwambieni. Mtu mmoja tu, wa umri wake au aliyemzidi, faragha na kwa upole. Mwulizeni kwao linatamkwaje hasa, maana mara nyingi sisi ndio tunalivuta lifanane na neno letu, kisha akubali aitwe kwa jina la kwanza. Akilijulia barabarani kwa wauza magazeti ndipo mtakuwa mmemkosea.

Mwalimu mwenzangu, mimi ni bibi wa Keko. Mwanangu wa kwanza nilimwita Mateso. Sasa ana miaka 41, ana watoto, na hajawahi kuniuliza hata mara moja. Wiki iliyopita mjukuu wangu ndiye aliyeniuliza, "Bibi, kwa nini ulimwita baba hivyo?" Nikakosa la kusema. Nimwombe mwanangu radhi?

Dada yangu, asante kwa kuandika. Sidhani kama una kosa la kuombea radhi. Una habari uliyokaa nayo miaka 41, na kwa vile hajauliza umeamini kwamba haitaki. Wanaume wengi hawaulizi kwa sababu wanaogopa kumliza mama.

Mwite siku ya Jumapili, na mjukuu awepo, kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua mlango. Usianze na jina. Anza na siku yenyewe: mlikuwa mnakaa nyumba ya nani, mvua ilikuwa inanyesha au jua, ulikwenda hospitali kwa miguu au kwa basi, nani alikushika mkono, na nani hakuja. Taja na kilo alizozaliwa nazo, kama unakumbuka.