Injili na maisha ya kila siku: jibu langu refu kwa aliyesema hadithi hazimgusi

Mkuu nimekuelewa vizuri sana. Umesema hadithi za Injili unazijua tangu sandei skuli, unajua mwisho wake kabla hujamaliza kusoma, afu ukifunga Biblia unarudi kwenye kodi ya nyumba, bosi na ndugu wanaoomba hela, huoni Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti amwone Yesu, anakusaidia nini hapo. Na ukauliza uanzie wapi. Wengi wamekujibu umwombe Roho Mtakatifu akufunulie, siwapingi, ila mi nakwambia jinsi ninavyosoma mwenyewe kwa macho haya ya kawaida.

Ninavyoona, sisi tulipewa funzo kabla ya kupewa hadithi. Zakayo maana yake panda mti, mjane maana yake toa sadaka, basi imeisha, nani ataangalia tena? Chukua huyo huyo Zakayo wa Luka 19. Mahubiri niliyosikia karibu yote yanakwama juu ya mkuyu, tafuta mti wako, ufupi wako ni nini, na kadhalika. Sasa soma aya ya 8 uone jamaa anaongea nini: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Mtu wa kodi anaongea hesabu tupu! Mtini alikaa muda mfupi tu, kazi ngumu ni hiyo ya kuanza kutafuta watu Yeriko nzima na kuwarudishia chao. Ukisoma hivo swali linalobaki kichwani ni moja, nani ana hela yake kwangu, na hilo halihitaji mchungaji akufafanulie.

Hadithi iliyonikaa zaidi ni ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, kwa sababu ya kazi yangu. Nilianza kama saidia fundi hapa Dar, sasa hivi nasimamia saiti ndogo ndogo za nyumba za watu. Ile hadithi sisi tunaisoma kirahisi hata kwenye masaa, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja, ni zilezile za kwenye simu yako. Mwenye shamba anatoka alfajiri anapatana na watu dinari moja kwa siku, afu anaendelea kuchukua wengine mpaka saa kumi na moja jioni, akiwauliza hawa wa mwisho mbona mmesimama hapa mchana kutwa wanamjibu hakuna aliyetuajiri. Jioni wote wanapewa dinari moja moja, waliowahi wanalalamika.

Nilikuwa nasikia watu wakihubiri kwamba wale wa mwisho ni watenda dhambi waliochelewa kuokoka, sawa, inawezekana, ila mtu aliyewahi kusimama kijiweni kusubiri kibarua anajua nani anabaki hadi jioni. Wanaobaki ni wazee, wembamba, mwenye mguu mbovu, yule aliyetoka hospitali juzi. Vijana wenye misuli wanabebwa saa kumi na mbili asubuhi, wamejaa kwenye kirikuu wanacheka. Na hao wa mwisho hawajaenda nyumbani kulala, wamesimama siku nzima juani, kwa sababu kurudi home mikono mitupu ni kuzito kuliko jua. Na tumbo la mtoto wa huyo mzee linataka unga uleule wa siku nzima, hakuna unga wa saa moja.

Kuna kitu kingine watu wanapitiliza. Mwenye shamba anaagiza msimamizi alipe kuanzia wa mwisho. Angeanza na wale wa alfajiri wangechukua chao wakaenda zao wameridhika kabisa, dinari yao ni ileile waliyopatana. Alifanya makusudi waone. Yaani wivu wao ulianza pale walipochungulia mfuko wa mwenzao, na hapo mi naona status za WhatsApp, naona ofisini kwako mkuu siku ya mshahara. Afu rudi nyuma kidogo, sura ya 19 mwishoni, Petro ndo kauliza sisi tuliacha vyote tutapata nini basi? Hadithi yote hii ni jibu la swali la Petro, mtu wa ndani kabisa, mtu aliyewahi!

Sasa nifanye nini nayo saiti? Siwezi kuwalipa wote sawa, hela si yangu, ni ya tajiri mwenye nyumba, tusidanganyane. Ila kuna vitu viwili nilivichukua. Kwanza malipo ni siku hiyohiyo, jioni. Yule mwenye shamba hakufanya wema alipolipa ilipofika jioni, alikuwa anatii Torati, Kumbukumbu la Torati 24 inasema kibarua apewe ujira wake siku yake kabla jua halijazama, kwa kuwa ni maskini na ameutegemea. Mi nikisikia msimamizi mlokole anamwambia kibarua njoo kesho bosi hajatuma, najua huyo hajasoma, au kasoma akaruka. Kwa hiyo kama hela haijaingia siiti watu, tajiri anune tu. Pili, nikienda kijiweni nachukua na mzee mmoja wa kumwagilia zege au kutunza vifaa. Vijana wananuna kila mara, wanasema yule mzee anabeba nini hapa analipwa kama sisi. Kuna siku mmoja kaongea hadi nikacheka mwenyewe maana ni Mathayo 20 aya ya 12 kabisa, na hajawahi kuisoma, ni Muislamu.

Hadithi za kuponywa hapo lazima niongee taratibu maana wengi humu mna wagonjwa. Mama yangu aliugua muda mrefu. Kila aliyekuja alimsomea Marko 5, mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, gusa tu vazi mama, amini tu. Mama aliamini kuliko wote tuliokuwa mle ndani, na akafariki. Kwa hiyo mtu akiniambia funzo la ile hadithi ni ukiamini vya kutosha utapona, namwachia chumba.

Niliisoma upya peke yangu baada ya msiba, na nikakuta vitu ambavyo hakuna aliyemsomea. Aya ya 26 inasema yule mwanamke alikuwa ameteswa mengi na matabibu wengi na kumaliza vyote alivyokuwa navyo. Marko kaona umuhimu wa kuandika habari ya bili! Na Yesu hamlaumu kwa kwenda kwa matabibu, wala hamtozi kitu, sasa pima hilo na haya mafuta na vitambaa mnavyouziwa kwa hadithi hiyohiyo. Afu wakati huo wote kuna baba mmoja, Yairo, amesimama pembeni. Binti yake wa miaka 12 yuko mahututi, kamshika Yesu njiani, na Yesu anasimama kuuliza nani kanigusa, anamsikiliza mama wa watu mpaka amalize kueleza yote. Yairo haandikwi kusema neno hapo katikati. Halafu wanakuja watu kumwambia binti ameshakufa, usimsumbue mwalimu. Mi nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali nikiona mgonjwa mwingine anaingizwa kabla ya wetu, namjua Yairo vizuri kuliko ninavyomjua Petro.

Na mwisho kabisa, binti ameamka, watu wamepigwa butwaa, Yesu anasema apewe chakula. Basi. Hakuna ushuhuda, tena anawakataza wasitangaze. Tangu hapo jumuiya yetu tukienda kumwona aliyetoka hospitali tunabeba chakula kilichoiva, kwenye hotpoti, kile anachokula yeye, na sala inakuwa fupi. Mwanzo wengine waliona kama tunapunguza uzito wa maombi, ila hata wao nawaona wanakuja na supu.

Ya mjane nasema haraka maana najua nitashambuliwa. Hii huwa inasomwa siku ya bahasha na mavuno, Marko 12 kuanzia aya ya 41. Fanya hivi, anzia aya ya 38, usiishie ya 44, pitiliza uingie sura ya 13 aya mbili. Utaona kwanza Yesu anawasema waandishi wanaokula nyumba za wajane, papo hapo anatokea mjane anatia senti mbili, riziki yake yote, na muda si mrefu Yesu anasema hilo hekalu halitabaki jiwe juu ya jiwe. Anamsifia ndiyo, katoa kuliko wote. Ila kwenye hadithi ya Msamaria mwema kule Luka 10 alimwambia aliyemuuliza nenda ukafanye vivyo hivyo, hapa kwa mjane hajasema. Mi natoa sadaka bila shida, ila nikiwa kwenye kamati na kuna mama mjane kaandikiwa ahadi ya ujenzi nauliza kwa sauti nani anamlipia kodi. Sipendwi sana kwenye kamati.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na Marko, sura 16 tu, ndo fupi kuliko Injili zote nne, na usisome kipande cha kalenda, soma sura nzima kwa pamoja hata kama umechoka, kwenye daladala inatosha. Ukifika mtu asiyesema kitu kwenye hadithi simama hapo umwangalie. Sura ya 13 ikikushinda ruka, utairudia, hata mimi bado inanisumbua.